Vosne-Romanée: Kijiji Kimya chenye Udongo wa Thamani

Mashariki mwa nchi ya Ufaransa, katika eneo la Bourgogne, kuna ukingo wa vilima unaoanzia karibu na mji wa Dijon na kuelekea kusini. Ukingo huo huitwa Côte d'Or, yaani Mteremko wa Dhahabu. Dhahabu haichimbwi pale hata chembe. Kilichoko ni mizabibu, safu kwa safu, tangu barabarani chini mpaka karibu na msitu ulioko juu. Yapata kilomita ishirini kutoka Dijon msafiri hukuta kijiji kidogo kiitwacho Vosne-Romanée, nacho ndicho kinachoelezwa hapa.

Mtu asiyejua habari zake angekipita bila kugeuza shingo. Wakaaji wake hawafiki mia tano. Pana kanisa, ofisi ya meya, nyumba za mawe zenye malango mapana ya kupitisha mikokoteni, na njia nyembamba ambazo mchana wa siku ya kazi huwa tupu kabisa. Hakuna soko kubwa wala kelele za magari. Wenyeji wako mashambani, au wako chini ya nyumba zao katika maghala yaliyochimbwa ardhini, ambamo divai hulala ndani ya mapipa. Mgeni aweza kutembea tangu mwanzo wa kijiji mpaka mwisho wake asiamkiane na mtu yeyote ila mbwa.

Walakini kijiji hicho hutajwa kwa heshima katika nchi zote ambako watu hununua divai ya bei kubwa. Mwezi wa Oktoba 1858 au 1958 hakuna mtu ambaye angeliamini bei iliyolipwa mwezi kama huo katika mwaka 2018, wakati chupa moja iliyotoka shamba la hapo, ya mavuno ya mwaka 1945, iliponunuliwa mnadani huko New York kwa dola 558,000. Chupa moja tu, na mtu akiifungua imekwisha jioni hiyo hiyo.

Wako wasomaji wengi ambao dini yao huwakataza kuonja divai, na wengine hawaipendi tu. Hawatapata hasara kwa kusoma, maana jambo linalostahili kutazamwa katika Vosne ni ardhi: jinsi watu walivyoijua hatua kwa hatua, jinsi walivyoigawanya, jinsi walivyokaribia kuipoteza, na jinsi wanavyoilinda.

MTEREMKO NA NGAZI ZAKE

Barabara kuu kati ya Dijon na Beaune hupita chini ya kijiji. Upande wa mashariki wa barabara hiyo nchi ni tambarare, udongo ni mzito, na maji hutuama. Zabibu za huko hutoa divai ya kawaida ya bei nafuu. Mtu akivuka barabara na kuanza kupanda taratibu, hukuta mashamba ambayo divai yao huruhusiwa kuchukua jina la kijiji. Akiendelea kupanda hufika katikati ya mteremko, na hapo ndipo palipo mashamba ya daraja la juu kabisa. Akizidi kupanda, udongo huwa mwembamba, baridi huongezeka, na thamani hushuka tena. Safari hiyo yote haichukui hata nusu saa kwa miguu, nayo bei ya ardhi imepanda kutoka kiasi cha kawaida mpaka mamilioni ya euro kwa hekta moja, kisha ikarudi chini.

Sababu yake si uchawi. Katikati ya mteremko udongo wa mfinyanzi umechanganyika na vipande vya mawe ya chokaa, mawe ambayo zamani sana yalikuwa tope chini ya bahari. Maji ya mvua hayakai. Hushuka kati ya mawe. Mizizi hulazimika kuyafuata chini sana, na mzabibu ulio na shida kidogo huzaa matunda machache yenye ladha iliyokolea, kuliko mzabibu ulioshiba maji na mbolea ambao hutoa majani mengi. Tena mteremko hutazama mashariki, hivyo jua la asubuhi huukausha umande mapema kabla ukungu wa magonjwa haujapata nguvu.

Mzabibu unaopandwa ni wa aina moja, Pinot Noir, wenye zabibu ndogo nyeusi zenye ngozi nyembamba. Huwa karibu miche 10,000 kwa hekta, yaani kama 4,000 katika eka moja. Mkulima wa kahawa atastaajabu kusikia ya kuwa miche hiyo husongamana namna hiyo kwa makusudi, ili kila mmoja ushindane na jirani yake na kuzamisha mizizi.

Kila kipande cha shamba kina mipaka yake na jina lake la tangu kale. Wafaransa wa huko hukiita kipande hicho *climat*. Katika mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika vipande 1,247 vya Côte d'Or katika orodha ya urithi wa dunia. Vilivyo mashuhuri kabisa katika Vosne ni vidogo mno. Romanée-Conti ni kama eka nne na nusu tu. La Romanée, iliyo juu yake, inapita eka mbili kidogo sana. La Tâche ni eka kumi na tano. Ukuta mfupi wa mawe, njia ya kupitisha trekta, na shamba limebadilika jina na bei.

Udongo huo ukichukuliwa na mvua huteremka bondeni. Kwa hiyo kwa karne nyingi wakulima waliufuata chini baada ya masika, wakaujaza katika vikapu, wakaupandisha tena mgongoni mpaka mahali pake. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, lakini hakuna aliyedhani ya kwamba inaweza kuachwa.

WATAWA, MADUKI NA WAFALME

Watu wa kwanza kuandika tofauti za vipande hivyo kwa uangalifu walikuwa watawa. Monasteri ya Cîteaux, iliyoko katika uwanda ng'ambo ya barabara, ilianzishwa mwaka 1098. Watawa wake walipata mashamba Vougeot, kijiji jirani na Vosne, wakayazungushia ukuta ambao bado umesimama. Katika mwaka 1131 watawa wengine, wa Saint-Vivant, walipewa ardhi Vosne na Duki wa Bourgogne. Watawa hawakuwa na watoto wa kugawia mashamba, wala hawakuwa na haraka. Mtawa mmoja akifa mwingine alishika jembe lake, na yaliyojulikana juu ya shamba hayakupotea.

Serikali nayo iliingia mapema katika mambo ya kilimo. Mwaka 1395 Duki Philippe aliyeitwa Shupavu alitoa amri kali ya kung'oa mizabibu aina ya Gamay. Gamay huzaa sana na hukomaa upesi, kwa hiyo wakulima maskini waliipenda. Duki aliona ya kuwa divai yake ingeharibu sifa ya nchi nzima. Wakulima walinung'unika, na si ajabu, maana aliyeng'oa alipata njaa kwanza na sifa baadaye. Hata hivyo Pinot Noir ndiyo iliyobaki mteremkoni hadi leo.

Katika mwaka 1760 Prince de Conti, ndugu wa mfalme wa Ufaransa, alilinunua shamba lililoitwa La Romanée, na jina lake likashikamana nalo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, mali ya watawa na ya wakuu ilichukuliwa na taifa na kuuzwa. Romanée-Conti iliuzwa mwaka 1794. Kijiji chenyewe kilikuwa kikiitwa Vosne tu. Mwaka 1866 wenyeji waliongeza jina la shamba lao mashuhuri katika jina la kijiji, jambo ambalo vijiji vingi vya Côte d'Or vimefanya. Ni tangazo la biashara lisilogharimu senti.

SHERIA YA URITHI

Baada ya mapinduzi ilitokea sheria mpya. Kanuni za Napoleon za mwaka 1804 ziliagiza ya kuwa watoto wote warithi sawasawa, mwanamume na mwanamke, wa kwanza na wa mwisho. Ilikuwa sheria ya haki. Lakini ardhi hainyumbuki. Baba mwenye eka nane na watoto wanne huwaachia eka mbili mbili, na wajukuu wake huachiwa nusu eka. Baada ya vizazi vitano au sita mtu huwa na safu tatu hapa, safu mbili kule, na nyingine ng'ambo ya kijiji, naye hushinda siku nzima akitembea kutoka safu hadi safu na chombo cha dawa mgongoni.

Mfano ulio wazi ni shamba la Vougeot lenye ukuta. Watawa walilishika zima kwa karne nyingi, eka zipatazo 125. Baada yao lilikaa mikononi mwa wenyewe wachache, na hata lilipouzwa mwaka 1889 lilikuwa bado zima. Kisha likaanza kukatwa. Leo ndani ya ukuta ule ule mna wenyewe wapatao themanini. Wengine wana safu chache ambazo zabibu zake hazijazi mapipa mawili. Wote huandika jina moja juu ya chupa, lakini mmoja ni mkulima hodari na jirani yake ni mvivu, na mnunuzi asiyejua majina ya watu hununua kwa bahati nasibu.

Katika Vosne yenyewe lilitokea jambo lililo zito zaidi. Ukoo wa Liger-Belair katika karne ya kumi na tisa ulikuwa na mashamba bora kuliko mtu mwingine yeyote kijijini: La Romanée yote, La Tâche ya wakati ule, na mengine mengi. Mama mwenye mali alipofariki katika mwaka 1931 aliacha watoto kumi, na baadhi yao walikuwa hawajafika umri wa kisheria. Kwa kuwa watoto wadogo hawakuweza kutia sahihi mapatano ya kugawana, mali ililazimika kupigwa mnada. Mnada ulifanywa Agosti 1933, siku za dhiki ya biashara duniani, wakati divai haikuwa na wanunuzi. Mashamba ambayo leo hayanunuliki kwa fedha yoyote yalitoka kwa bei ndogo. La Tâche ilikwenda kwa wenye Romanée-Conti. Ndugu wawili wa ukoo, mmoja wao padre, walikusanya walichokuwa nacho wakakomboa La Romanée na vipande viwili vingine. Kama wasingelifanya hivyo, ukoo huo usingelikuwa na shamba kijijini leo. Kwa miaka mingi vipande hivyo vililimwa na watu wengine kwa mapatano, mpaka mwaka 2000 ambapo kijana wa ukoo alianza kurudisha kilimo mikononi mwake mwenyewe.

Basi wenyeji wengine walitafuta njia ya kuifuata sheria bila kuikata ardhi. Waliunda makampuni ya ukoo. Shamba huwa mali ya kampuni, nao watoto hurithi hisa. Mtoto anayekaa Paris akifanya kazi ya uwakili hupata sehemu yake ya faida, na anayekaa kijijini hulima shamba zima bila mpaka kupita katikati. Romanée-Conti imekuwa kampuni ya namna hiyo tangu mwaka 1942, ikishikwa na koo mbili. Si dawa ya kila ugomvi, maana ndugu huweza kugombana juu ya hisa kama wanavyogombana juu ya jiwe la mpaka. Ila mzabibu haung'olewi kwa sababu ya ugomvi wao.

Taabu mpya imetokana na bei yenyewe. Serikali hutoza kodi ya urithi kwa kadiri ya thamani ya ardhi. Eka ikipanda bei kwa sababu matajiri wa mbali wanaitamani, mkulima ambaye hakuuza kitu wala hakuongeza mapato hukuta watoto wake watadaiwa fedha wasizokuwa nazo. Ndipo wengine huuza. Mwaka 2006, baada ya kufariki kwa mkulima Philippe Engel, shamba la ukoo wake hapo Vosne lilinunuliwa na kampuni ya tajiri François Pinault. Linalimwa vizuri, hilo halina ubishi. Lakini vijana wa kijiji ambao zamani wangeliweza kuweka akiba na kununua safu kumi hawawezi tena kununua hata moja.

MDUDU ALIYETOKA NG'AMBO

Katika miaka ya 1860 mizabibu ya kusini mwa Ufaransa ilianza kunyauka bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1868 wataalamu waligundua mdudu mdogo kama chawa akifyonza mizizi. Jina lake ni filoksera, naye alikuwa ameletwa pamoja na miche kutoka Marekani. Aliingia Côte d'Or mwaka 1878. Mzabibu ulioshikwa ulikufa, na hakukuwa na dawa ya kumwua kabisa.

Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ajabu kidogo: ilitoka nchi ile ile iliyoleta mdudu. Mizabibu ya Marekani imeishi naye tangu kale, na mizizi yake humvumilia. Kwa hiyo wakulima walichukua shina la chini la Kimarekani, wakapandikiza juu yake tawi la Pinot Noir. Mizizi ilikuwa ya kigeni, matunda yalikuwa yale ya zamani. Wengi waliona aibu kufanya hivyo na walisema ladha itapotea. Wenye Romanée-Conti walikataa kwa muda mrefu kuliko wote. Walipiga dawa ya sumu ndani ya udongo kwa sindano kubwa, mwaka baada ya mwaka, kwa gharama isiyosemeka, ili kuponya mizabibu yao iliyosimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Vita vya pili vya dunia viliwashinda. Dawa ilikosekana na wafanyakazi walikosekana. Mavuno ya mwaka 1945 yalitoa chupa zipatazo 600 tu, ambapo mwaka mwema shamba hilo hutoa 5,000 au 6,000. Baada ya mavuno hayo mizabibu yote iling'olewa. Ardhi ikapumzishwa, ikapandwa tena mwaka 1947 kwa vikonyo vilivyokatwa La Tâche na kupandikizwa juu ya mashina ya Kimarekani. Divai ya kwanza ya mizabibu hiyo mipya ilikuwa ya mwaka 1952. Sasa msomaji ataelewa kwa nini chupa ya mwaka 1945 ilifikia bei ile: ilikuwa tunda la mwisho la mti usiokuwapo tena.

MKULIMA WA NUSU

Si kila mwenye sifa katika Vosne alikuwa mwenye shamba. Henri Jayer alizaliwa hapo mwaka 1922. Mwishoni mwa vita alifanya mapatano na ukoo wa Camuzet, ambao mkubwa wake, Étienne Camuzet, alikuwa mbunge. Jayer alilima mizabibu yao, akagawana nao mavuno nusu kwa nusu. Ni desturi ya zamani katika Ufaransa, nayo humfaa mtu mwenye nguvu asiyekuwa na ardhi.

Juu ya mteremko kulikuwa na kipande kiitwacho Cros Parantoux, kama eka mbili na nusu, kilichokuwa kimeachwa baada ya filoksera. Wakati wa vita watu walipanda humo mazao ya kulia njaa. Mwamba wake ulikuwa karibu sana na uso wa ardhi, hata jembe liligonga jiwe. Jayer alinunua sehemu yake kidogo kidogo, akapasua mwamba kwa baruti na kupanda mizabibu katika mashimo. Majirani walimwona kuwa mtu anayetupa jasho lake. Alipogoa sana ili kila mzabibu uzae kidogo, akachagua zabibu moja moja, akatunza usafi wa mapipa kuliko desturi ya siku zile.

Mapatano yake na ukoo wa Camuzet yalikwisha mwaka 1988 na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Jayer alifariki mwaka 2006. Chupa zilizobaki katika ghala lake ziliuzwa mnadani Geneva Juni 2018, zaidi ya elfu moja, nazo zilipata zaidi ya faranga milioni thelathini za Uswisi. Yeye mwenyewe hakuziona fedha hizo.

SUMU USIKU

Mali inayolala nje usiku bila mlango huvuta waovu. Januari 2010 wenye Romanée-Conti walipokea kifurushi chenye ramani ya shamba lao, iliyochorwa mzabibu kwa mzabibu, na barua iliyosema ya kuwa mizabibu itatiwa sumu wasipolipa euro milioni moja. Mwanzoni ilidhaniwa ni mzaha. Walipokwenda kutazama, walikuta baadhi ya mashina yametobolewa chini kwa ustadi, na mizabibu miwili ilikuwa imekwisha kuingizwa sumu. Hiyo miwili ilikufa.

Mwenye barua aliagiza fedha ziwekwe usiku katika makaburi ya kijiji cha Chambolle-Musigny, kilicho karibu. Polisi waliweka mfuko wa noti za bandia, wakajificha kati ya makaburi. Mtu alipokuja kuuchukua alikamatwa. Alikuwa mtu aliyewahi kufungwa mara nyingi, naye alikufa gerezani mwaka ule ule kabla ya kuhukumiwa. Mizabibu mingine ilipona. Wenyeji walioishi miaka yote bila kufunga chochote walijifunza kutazama nyuma wakitembea jioni.

HALI YA HEWA

Hatari ya leo haiandiki barua. Mji wa Beaune, ulioko kusini, una kumbukumbu za siku ya kuanza mavuno tangu mwaka 1354. Wataalamu walizipanga na kuzitangaza mwaka 2019. Walionyesha ya kuwa kutoka 1354 mpaka 1987 mavuno yalianza kwa wastani tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 yameanza siku kumi na tatu mapema. Zabibu haijui siasa. Huiva jua likiipiga.

Joto hilo halikuondoa baridi. Laifanya kuwa mbaya zaidi, maana mizabibu huamka mapema baada ya majira ya baridi, na machipukizi yake laini hukutwa na sakitu ya Aprili. Usiku mmoja waweza kuunguza mavuno ya mwaka, kama ilivyotokea katika sehemu nyingi za Bourgogne Aprili 2016 na tena Aprili 2021. Kinachoua zaidi ni jua la asubuhi likiangukia chipukizi lililoganda. Mwaka 2017, wakikumbuka hasara ya mwaka uliotangulia, wakulima waliamka kabla ya mapambazuko wakachoma marobota ya majani makavu yaliyoloweshwa maji, kijiji kwa kijiji, mpaka mteremko mzima ukafunikwa na moshi. Jua lilipotoka halikuweza kupenya, na machipukizi yaliyeyuka polepole. Kazi hiyo haiwezekani kufanywa na mtu mmoja. Moshi wa mwenye eka moja hulinda shamba la tajiri aliye jirani yake, na wa tajiri humlinda yeye.

ANAYETAKA KWENDA

Garimoshi la mwendo wa kasi hutoka Paris na kufika Dijon kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kutoka Dijon kuna magarimoshi ya kawaida yanayosimama Nuits-Saint-Georges, na kutoka hapo Vosne ni mwendo wa karibu nusu saa kwa miguu, mizabibu ikiwa pande zote mbili.

Mgeni asitazamie kukaribishwa katika kila nyumba. Wakulima wengi hawana divai ya kuuza mlangoni, kwa kuwa yote imekwisha kuahidiwa kwa wanunuzi wa zamani. Anayetaka kupokewa huandika barua mapema, hufika kwa saa aliyopewa, na hapaki mafuta ya manukato, maana harufu yake huharibu kazi ya kuonja. Akipewa divai ya kuonja kutoka katika pipa, kuitema katika ndoo iliyowekwa si utovu wa adabu. Wenyeji wenyewe hufanya hivyo kila siku. Asiyekunywa kabisa aweza kusema hivyo waziwazi na kutazama mapipa, wala hakuna atakayechukizwa.

Msalaba wa mawe unaonyesha mahali pa Romanée-Conti. Karibu nao pana kibao kinachowaomba wageni wabaki njiani na wasiingie shambani. Wengi hupiga picha na kushangaa jinsi shamba lilivyo la kawaida. Wako wanaochukua jiwe mfukoni, nao wangefanya vema kuliacha, kwa sababu watu wakiwa maelfu na kila mmoja akachukua jiwe lake, itabidi vikapu virudi mgongoni.

Majira yaliyo mazuri ya kutembea ni majira ya baridi, ingawa wageni wachache hujua. Majani yamekwisha kuanguka, na kila safu ina mtu mmoja aliyeinama akipogoa. Mbele yake husukuma toroli lililotengenezwa kwa pipa la chuma lililokatwa, lenye moto ndani, na matawi aliyokata huyatupa humo. Hivyo mikono yake haigandi, na moshi mweupe mwembamba hupanda hapa na pale juu ya mteremko. Tarehe 22 Januari wakulima husherehekea siku ya Mtakatifu Vincent, msimamizi wa wenye mizabibu. Tangu mwaka 1938 sherehe kubwa ya siku hizo huzunguka, mwaka huu kijiji hiki, mwaka ujao kile.

Mgeni mwenye siku ya pili afike Beaune. Hapo pana hospitali iliyoanzishwa kwa ajili ya maskini mwaka 1443 na Nicolas Rolin pamoja na mkewe Guigone de Salins, yenye paa la vigae vya rangi nyingi. Watu wa nchi hiyo walizoea kuiachia mizabibu katika wasia zao, safu hapa na eka pale, na ardhi hiyo haijagawanywa kwa mrithi yeyote. Divai yake hupigwa mnada hadharani kila Novemba tangu mwaka 1859. Wagonjwa walihamishiwa majengo mapya mwaka 1971, na jengo la zamani sasa ni la kutazamwa, lakini fedha za mnada bado hununua vyombo vya hospitali.